Uliza Ujibiwe: Herufi Zinazosimama

Barua zilizonifikia mwezi huu zimetoka zaidi huku kwetu kando ya ziwa, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: namna ya kutengeneza maandishi ya pande tatu katika programu ya uhuishaji. Waandishi wake wote wanatumia Blender, nami ninaitumia pia, kwa hiyo majibu yote yanaihusu programu hiyo. Majina ya vitufe vyake nimeyaandika kwa matamshi yetu. Ukiyasoma kwa sauti mbele ya skrini utayatambua mara moja. Baadhi ya barua nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

SWALI: Habari za kazi, ndugu mwandishi. Mimi ni fundi wa mabango hapa Kirumba. Kwa miaka mingi nimeandika kwa brashi majina ya maduka na ya mitumbwi inayoshusha dagaa Mwaloni, na mkono wangu unajulikana. Siku hizi wateja wanataka jina la duka liwe "la kusimama" kwenye video ya tangazo. Kijana wangu amenifundisha Blender. Nimeandika jina na kuliongezea unene, lakini linaonekana kama herufi zilizokatwa kwenye boksi la sabuni. Nakosea wapi?
Fundi mabango, Kirumba

JIBU: Nzuri, fundi, za huko Kirumba? Hujakosea; umeiacha kazi kabla haijaisha, na hatua uliyoiacha unaijua kuliko mimi. Unapoandika jina la mtumbwi, rangi kuu ikishakauka unarudi na brashi nyembamba, unapitisha mstari mweupe kwenye kingo za upande mmoja na mstari wa giza kwenye kingo za upande wa pili, na hapo ndipo herufi iliyokuwa bapa inapoonekana kuinuka kutoka kwenye ubao. Mtazamaji hatambui unene kwa kuupima, bali kwa kuona jinsi mwanga unavyogeuka ukifika ukingoni. Katika Blender unene unaletwa na ekstrudi, lakini ule mstari wa mwanga unaletwa na beveli, yaani kuukata mshazari au kuuviringa ukingo, na nina hakika kwamba kwako beveli bado iko sifuri. Ukingo mkali wa nyuzi 90 hauna upana wowote, kwa hiyo hauna mahali pa kupokea mwanga. Hata ubao uliotoka kwenye randa sasa hivi una ukingo uliolainika kidogo, na jicho limezoea kuuona ulaini huo ingawa hatujui kwamba tunauona.

Tuje kwenye vipimo. Chagua maandishi yako, kisha fungua kichupo chenye alama ya herufi "a" upande wa kulia wa skrini. Chini ya jiometri utakuta ofseti, ekstrudi na beveli. Neno jipya huja na ukubwa wa kipimo 1, na herufi kubwa huwa na kimo cha karibu 0.7, kutegemea fonti. Weka ekstrudi 0.05. Kumbuka kwamba ekstrudi husukuma mbele na nyuma kwa pamoja, kwa hiyo unene unaoupata ni 0.1 na si 0.05. Halafu weka kina cha beveli 0.01, nacho huongezeka pande zote mbili, kwa hiyo jumla inakuwa 0.12, yaani kama sehemu moja kwa sita ya kimo cha herufi. Kwa macho yangu huo unatosha kabisa kwa jina la duka. Wengi huanza na ekstrudi ya 0.3 kwa kudhani kwamba unene mwingi ndio upande wa tatu wenyewe, wakaishia na safu ya matofali ambayo jina lake halisomeki kamera ikihama kidogo tu.

Beveli ina tabia moja itakayokushangaza. Haili ukingo kuelekea ndani kama randa inavyokula ubao, bali huongeza nyama kuelekea nje. Kwa hiyo herufi zinanenepa, nafasi kati yake inapungua, na matundu ya A, B na R yanaanza kuziba. Dawa yake ni ofseti hasi, yaani kuusogeza mstari wa nje wa herufi urudi ndani kidogo. Ukiweka beveli 0.01, weka ofseti -0.01, na herufi itarudi kwenye upana ambao mchora fonti aliukusudia. Rezolusheni ya beveli ikiwa 0, ukingo unakatwa mshazari mmoja kama kwa patasi. Ikiwa 3 au 4, unakuwa wa mviringo. Mimi kwa jina la duka hupenda mshazari mmoja, kwa sababu hutoa mstari mmoja safi wa mwanga, mithili ya ule wa brashi yako.

Kabla hujaendelea na kazi ya mteja, fanya jaribio hili. Andika MWANZA kwa herufi kubwa, kwa fonti nene isiyo na mikia, kisha likague neno hilo. Halina mviringo hata mmoja. Ni mistari iliyonyooka na kona tupu. Sogeza macho karibu na kona ya ndani ya W, pale mistari miwili inapokutana, na uongeze beveli polepole: 0.01, 0.02, 0.03. Utafika mahali ambapo kingo mbili zinapishana na doa jeusi linatokea, na wakati huohuo ncha za nje za M na N zitaanza kuchomoza kama miiba ya samaki. Rudi nyuma hatua moja. Kipimo cha beveli kinaamuliwa na kona iliyobana kuliko zote ndani ya neno, wala si na herufi iliyo pana na yenye nafasi, na ndiyo maana kipimo kilichofaa kwenye jina moja hakifai kwenye jina jingine hata kama fonti ni ileile.

Neno MWANZA lina faida yake pia: kwa kuwa halina mviringo, rezolusheni ya maandishi yenyewe, ambayo kwa kawaida huja ikiwa 12, unaweza kuishusha hadi 1 na usione tofauti yoyote. Jaribu kufanya hivyo kwa neno SATO, na S na O zitageuka kuwa nati. Herufi ndani ya fonti haihifadhiwi kama picha. Huhifadhiwa kama mistari na mipindo ya kihesabu, na rezolusheni ndiyo inayoiambia programu kila mpindo ugawanywe vipande vingapi vilivyonyooka. O iliyochorwa kwa mipindo minne nje na minne ndani, kila mpindo ukigawanywa mara 12, ina nukta 96 kwa jumla, kabla ya unene na beveli kuzizidisha. Kwenye kompyuta dhaifu, kushuka kutoka 12 hadi 6 ni nafuu ambayo mtazamaji wa simu hataigundua.

Mwisho ni taa. Ukiiweka nyuma ya kamera, mwanga utaangukia uso wa mbele moja kwa moja na kingo zitafifia. Iweke juu kushoto, au juu kulia, kama unavyoamua jua liko upande gani kabla hujachora kivuli kwenye ubavu wa mtumbwi.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, naishi Nyegezi. Nilitengeneza maneno KARIBU KANDA YA ZIWA kwa ajili ya video ya mahafali, nikayageuza kuwa meshi ili kila herufi idondoke peke yake kutoka juu. Baada ya kazi ya saa nyingi rafiki yangu akaniambia nimeandika ZIA. Je, naweza kuyarudisha yawe maandishi? Tena, nilipozitenganisha herufi, nyuso zake zilibaki upande mmoja na mbavu zake upande mwingine, na baadhi zina madoa ya kivuli kama uchafu.
Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Maandishi yakishageuzwa kuwa meshi, programu haijui tena kwamba ile ni Z au W. Inajua nukta, kingo na nyuso tu, kama vile mkate usivyoweza kurudishwa kuwa unga. Kwa kuwa kosa liko kwenye neno moja, andika ZIWA upya kwa fonti na vipimo vilevile, ligeuze hilo peke yake, na ulipange mahali pa lile bovu.

Kuanzia sasa jiwekee desturi hii: kabla ya kugeuza, nakili maandishi kwa Shift na D, weka nakala kwenye mkusanyiko wake, na uifiche. Njia nyingine ni kutumia kisanduku kidogo kinachotokea chini kushoto mara tu baada ya kugeuza, ambacho kinakuruhusu kubakiza maandishi ya asili. Mimi hupenda nakala, maana kisanduku hicho hupotea ukigusa kitu kingine, na vijana mna mikono myepesi. Ushauri mkubwa zaidi ni kuchelewa kugeuza. Unene, beveli, nafasi kati ya herufi, kulipinda neno kwenye mstari, kulipa rangi na kulizungusha lote kwa pamoja, vyote hivyo vinawezekana likiwa bado maandishi unayoweza kuyasahihisha kwa kubonyeza Tabu na kuandika. Sababu ya kweli ya kugeuza ni kama yako, ya kutaka kila herufi iende njia yake, au kutaka kuivunja, kuichonga au kuipasua.

Sasa kuhusu nyuso zilizoachana na mbavu. Maandishi yanapogeuzwa, uso wa mbele na ubavu huwa vimekaa pamoja lakini havijashonwa: kila kimoja kina nukta zake, na nukta hizo zimelaliana mahali pamoja kiasi kwamba huzioni kuwa ni mbili. Ukiiambia programu itenganishe sehemu zisizoungana, inatii kwa uaminifu wote na kukupa uso peke yake na ubavu peke yake. Kwa hiyo, ukiwa katika hali ya kuhariri, chagua kila kitu, bonyeza M, na uunganishe nukta kwa umbali. Ndipo ubonyeze P na kutenganisha. Hapo pia uwe macho na herufi ndogo i na j, kwa sababu nukta ya juu haijagusana na mwili na itakuwa kitu cha pekee. Uiunganishe na mwili wake kwa Kontroli na J, usije ukaona i inadondoka leo na nukta yake inafuata kesho. Baada ya kutenganisha, hamishia asili ya kila herufi, yaani nukta ambayo herufi hujizungushia, kwenye kitovu chake, maana zote bado zinajiona zimefungwa mahali pamoja lilipoanzia neno.

Madoa ya kivuli yanatokana na kulainisha kila kitu kwa mkupuo. Uso wa mbele wa herufi iliyogeuzwa hugawanywa kwa pembetatu ndefu zisizo na mpangilio, na programu ikijaribu kulainisha mwanga kati ya uso huo na ubavu uliosimama wima, matokeo yake ni uchafu ulioueleza. Tumia ulainishaji wa kiotomatiki wenye kikomo cha nyuzi 30, ambao unalainisha mipindo na kuiacha kona ibaki kona. Madoa yakiendelea baada ya hapo, kagua kama ulikumbuka kuunganisha nukta.

SWALI: Mimi nina duka la vitenge Buzuruga na ninajitengenezea matangazo mwenyewe. Jina la duka langu likizunguka, halizunguki pale lilipo. Linafunguka kama mlango, linatoka nje ya picha na kurudi. Pia mwanzoni linakwenda polepole, katikati kasi, mwishoni polepole tena. Nisaidie, kaka.
Mwenye duka, Buzuruga

JIBU: Dada yangu, umeshajijibu kwa neno mlango. Mlango huzunguka kwenye bawaba, na bawaba ya maandishi mapya iko kushoto, pale herufi ya kwanza inapoanzia. Kwenye kichupo kile cha herufi "a", chini ya aya, badilisha mpangilio kutoka kushoto uwe wa katikati. Ukitaka lizunguke pia kwa kubiringika, weka katikati kwa wima vilevile. Kuhusu mwendo, programu kwa kawaida huanza na kumaliza kila mwendo taratibu, jambo ambalo linapendeza kwa kitu kinachosafiri na kusimama, lakini halifai kwa mzunguko usiokoma. Chagua fremu zako kuu mbili, yaani zile zinazobeba mwanzo na mwisho wa mzunguko, bonyeza T, na uchague mwendo ulionyooka. Kama video ina fremu (picha moja moja) 250 na unataka irudie bila kukwama, weka nyuzi 0 kwenye fremu ya 1 na nyuzi 360 kwenye fremu ya 251, si ya 250. Vinginevyo fremu ya mwisho na ya kwanza zitakuwa picha ileile na jicho litahisi kigugumizi.

SWALI: Tunauza maziwa huku Magu. Nikiandika MAZIWA YA NG'OMBE kwa herufi nene, ile alama ya ng' inageuka kuwa kama punje ya mahindi na nafasi yake inakuwa kubwa. Je, niiache tu?
Muuza maziwa, Magu

JIBU: Usiiache. Ng'ombe bila alama yake si ng'ombe, na wateja wako wengi ni Wasukuma ambao majina yao nusu yanaanza na Ng'w. Wataiona kasoro kabla hawajaona maziwa. Alama uliyoipiga kutoka kwenye kibodi ni ile iliyonyooka, ambayo kwenye fonti nene ni kabari fupi, na beveli ikiongezwa juu yake hukosa mahali pa kukaa. Nakili alama iliyopinda kutoka kwenye hati yoyote na uibandike ndani ya maandishi. Ina mwili mkubwa zaidi na inapokea beveli bila kuvimba. Kuhusu nafasi, ukiwa katika hali ya kuhariri weka kiashirio kati ya G na alama, shikilia Alti, na ubonyeze mshale wa kushoto mara chache hadi zikaribiane. Fanya hivyohivyo kati ya alama na O. Kazi hii huchukua dakika moja, na fonti nyingi zilizochorwa na watu wasioijua ng' yetu zinaihitaji.

SWALI: Natengeneza video za harusi Nyakato. Majina ya maharusi nayaweka kwa dhahabu. Nimefuata mafunzo yote: metaliki (uchuma) 1, rafu (ukwaruzo wa uso) 0.2, rangi ya njano iliyokolea. Kwenye mafunzo dhahabu inang'aa. Kwangu inafanana na ugoro. Kompyuta yangu ndiyo mbaya?
Mpiga video, Nyakato

JIBU: Kompyuta yako haina kosa, na vipimo vyako ni sahihi. Shida ni kwamba umetengeneza kioo ukakiweka ndani ya chumba chenye giza. Chuma halisi, iwe dhahabu au sufuria mpya, kwa sehemu kubwa hakina rangi tunayoiona moja kwa moja kama tunavyoiona ya ukuta. Tunachokiona ni mazingira yake, yaliyotiwa rangi ya chuma hicho. Blender ikifunguliwa, ulimwengu wake, yaani mazingira yanayoizunguka kazi yako, ni kijivu kilichokoza pande zote, na dhahabu yako inaakisi kijivu hicho kwa uaminifu.

Kwa hiyo, badala ya kuongeza njano, uipe dhahabu kitu cha kuona. Njia ya kawaida ni kuweka kwenye ulimwengu picha ya mazingira inayozunguka pande zote, yenye kiwango kikubwa cha mwanga. Tovuti ya Poly Haven inazitoa bure na kuruhusu kuzitumia hata kwa kazi ya kulipwa. Lakini kwa harusi ya Mwanza mimi napendelea kupiga picha ya kuzunguka kwa simu mwenyewe. Simama karibu na Jiwe la Bismarck jua linapoelekea kuzama, geuka taratibu huku simu ikishona picha, na utapata mstari wa ziwa unaong'aa, miamba myeusi, na anga ya machungwa. Ukiiweka hiyo kwenye ulimwengu wa Blender, majina ya maharusi yanabeba jioni yetu kwenye kingo zake, jambo ambalo hakuna picha ya studio ya Ulaya itakayokupa. Ila uelewe mpaka wake: picha ya kawaida ya simu haibebi nguvu halisi ya jua, kwa hiyo itakupa mwakisi mzuri lakini mwanga hafifu, na utahitaji kuongeza taa yako pana ya mstatili upande lilipo jua.

Bado kuna jambo moja linalowasumbua wengi hata baada ya kuweka picha. Uso wa mbele wa herufi ni bapa na wote umeelekea upande mmoja, kwa hiyo karibu wote unaakisi eneo dogo moja lililo nyuma ya kamera. Eneo hilo likiwa jeusi, jina zima ni jeusi. Zungusha picha ya ulimwengu kwa nyuzi 30 au 40 ukitazama uso wa herufi, au lisogeze jina kidogo lisielekee kamera moja kwa moja. Kingo zilizobeveliwa ni habari tofauti, kwa sababu zimeelekea pande nyingi na kila moja inaokota sehemu yake ya anga. Ndiyo maana nilimsisitizia fundi wa Kirumba kuhusu beveli, na ndiyo maana dhahabu isiyo na beveli haitang'aa vizuri hata ukiizungushia mazingira ya namna gani. Kwa dhahabu, tofauti na jina la duka, tumia beveli ya mviringo yenye rezolusheni ya 4 au zaidi, ili mwakisi uteleze ukingoni badala ya kuruka.

Kuhusu rangi yenyewe, ipunguze. Njano iliyokolea sana ikichanganyika na anga ya machungwa huzaa kahawia, na huo ndio ugoro wako.

SWALI: Niko Nansio, Ukerewe. Je, nikilipwa kwa kazi niliyoifanya kwa Blender, ninadaiwa chochote? Na kompyuta yangu ya zamani inakataa kufungua toleo jipya.
Kijana wa Ukerewe

JIBU: Hudaiwi. Blender ilikuwa programu ya kampuni nchini Uholanzi hadi mwaka 2002, ambapo mwanzilishi wake, Ton Roosendaal, aliongoza changizo la euro 100,000 ili msimbo wake ununuliwe na kuachiwa umma. Tangu hapo iko chini ya leseni huria ya GPL, na kazi unayoitengeneza nayo ni mali yako. Cha kuangalia ni fonti, kwa sababu kila fonti ina leseni yake, na nyingi zinazogawiwa bure kwenye mitandao ni bure kwa matumizi binafsi tu. Tafuta zenye leseni huria, hasa ile ya fonti iitwayo OFL. Matoleo ya Blender kuanzia 4.0 yanadai kadi ya michoro inayomudu OpenGL 4.3 (OpenGL ni lugha ambayo programu huzungumza na kadi hiyo). Kama yako haifiki hapo, jaribu toleo la 3.6, ambalo linaridhika na 3.3, na kwa maandishi ya pande tatu halikupungukii kitu cha maana.

SWALI: Nauliza kuhusu kurenda, yaani kuitoa kazi ya Blender iwe picha au video. Kichwa cha habari cha sekunde 8 kinachukua usiku mzima kwenye kompyuta yangu, na mara mbili umeme umekatika alfajiri nikakuta faili la video halifunguki. Nifanye nini?
Mtayarishaji wa vipindi, Igoma

JIBU: Pole sana. Mimi nilipoteza tangazo la namna hiyo siku moja kabla ya kulikabidhi, na tangu siku hiyo sijawahi kurenda moja kwa moja kuwa video. Faili la video hufungwa mwishoni. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 190 kati ya 200, zote 190 zinaweza kupotea. Badala yake, kwenye sehemu ya matokeo chagua PNG, ambayo ni aina ya faili la picha, na folda tupu. Kila fremu itahifadhiwa kama picha yake, na kilichokwisha kurendwa hakiguswi na lolote litakalotokea baadaye. Chagua pia rangi zenye uwazi, na kwenye sehemu ya filamu uwashe usuli usioonekana. Hapo unaweza kuliweka jina juu ya video yoyote bila kurenda upya, hata mteja akibadili mawazo kuhusu mandhari. Picha zikikamilika, zirudishe kwenye kihariri video kilichomo ndani ya Blender na uzitoe kama MP4. Hatua hiyo ni ya dakika chache.

Kuhusu muda, tupige hesabu. Sekunde 8 kwa fremu 25, ambacho ndicho kiwango tulichokizoea kwenye runinga zetu, ni fremu 200. Kama kila fremu inachukua dakika 3, hizo ni dakika 600, yaani saa 10. Blender ina mitambo miwili ya kurenda, Cycles na Eevee. Nakisia kwamba unatumia Cycles na hujagusa idadi ya sampuli, yaani mara ambazo programu hupima mwanga kwa kila doa la picha, ambayo huja ikiwa na kikomo cha 4096. Kwa herufi juu ya usuli mtupu, shusha hadi 128 na uwashe kiondoa chenga. Fremu ikishuka hadi sekunde 40, kazi yote inakuwa saa mbili na robo hivi. Eevee ni ya haraka zaidi, na kwa herufi za rangi ya kawaida siihofii, ingawa kwa dhahabu naona miakisi ya Cycles ina uhai zaidi. Kabla ya kuacha kompyuta ifanye kazi peke yake, renda fremu tatu tu, ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, kwa nusu ya ukubwa, uzitazame kwenye simu, kwa sababu huko ndiko wengi watakakoitazama kazi yako.

Na umeme ukikatika, usianze upya. Kwenye sehemu ya matokeo zima kile kisanduku cha kuandika juu ya faili zilizopo. Programu itaruka fremu zote zilizokwisha hifadhiwa na kuendelea pale ilipoishia. Ila kwanza fungua folda na ufute picha ya mwisho kabisa, hata kama jina lake lipo na inaonekana nzima, kwa sababu mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikiandikwa umeme ulipokatika, na nusu yake ya chini itakuwa tupu.